Fimbo Thelathini na Tisa

Fimbo ya kwanza ilipomshukia Zubeiri mgongoni, Mwaja alikuwa nyuma ya ukuta wa baraza, ameshika matete yake kwa mikono miwili, akayavunja bila mwenyewe kujua.

"Moja!" akahesabu Othman kwa sauti ya furaha. Ndiyo, alifurahi, wala hakuona haya kuionyesha furaha yake mbele za watu.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, umande ungali kwenye migomba, na tayari baraza la Mwalimu Saleh lilikuwa limejaa watu mpaka wengine wakasimama mlangoni pa duka. Mwalimu Saleh alikuwa na kazi mbili hapo Kanoni. Ndani aliuza kaniki na chumvi na kununua kahawa. Nje, barazani, alifundisha chuo cha Kurani. Babu yake alikuja na msafara wa nguo kutoka pwani, akaoa huku huku Karagwe, asirudi. Hasira za Mwalimu Saleh lakini hazikujulikana zilitoka upande gani, maana Wapwani walisema ni za Kinyambo, na Wanyambo walisema ni za pwani.

Chuo chake kilikuwa na sheria moja ambayo sijaisikia penginepo. Khalifa, yaani msaidizi wa mwalimu, akitaka ijaza, ile ruhusa ya kwenda kufungua chuo chake mwenyewe, huletwa barazani na wanafunzi wake wote. Wao husoma kwa moyo, yeye hupiga magoti, mgongo wazi. Mwanafunzi akikosea, anayechapwa si mwanafunzi. Anachapwa khalifa, kwa fimbo ya mti wa mbuni, kwa mkono wa Mwalimu Saleh mwenyewe. Zikifika arobaini, hana ijaza, aende zake akauze chumvi.

Na Zubeiri, jamani, hakuwa akitafuta ijaza tu.

Siku tatu kabla, alikuja kwa Mwalimu Saleh na mjomba wake, wamevaa kanzu safi, wamebeba kitambaa na kahawa ya kutafuna. Mwaja, binti wa mwalimu, alikuwa jikoni na mama yake, Adija, na wote wawili waliacha kumenya ndizi ili wasikie.

"Shikamoo, mwalimu," alisema mjomba. "Tumekuja kuomba."

"Marahaba. Mnaomba nini?"

"Tunamwomba Mwaja, awe mke wa kijana wetu."

Jikoni Adija akamshika binti yake mkono.

"Mwaja nimemwahidi Othman," alisema Mwalimu Saleh. "Othman ni khalifa wangu wa kwanza. Mwaka jana alileta wanafunzi kumi barazani, akala fimbo nne tu. Nne! Wewe Zubeiri umekaa Tanga miaka miwili kwenye shule ya serikali, umefundishwa ualimu wa kengele na chaki, ukaja hapa ukaniomba nikufundishe ualimu upya. Nikakupokea. Nikakupa wanafunzi. Na tangu nikupe, sijasikia fimbo upande wako. Wenzako wanauliza, yule anafundisha au anabembeleza?"

"Nafundisha, mwalimu," alisema Zubeiri.

"Bila fimbo?"

"Huko Tanga kulikuwa na kiboko, mwalimu. Mimi kugawanya hesabu sikukujua miaka miwili. Niliiba kwa jirani, nikaandika, nikapita. Niliogopa kiboko, basi kosa langu nikalificha, na aliyenifundisha hakuliona mpaka leo. Sitaki mwanafunzi wangu anifiche."

Mwalimu Saleh alicheka kicheko kikavu. "Basi Alhamisi tutaona. Ukitoka barazani pangu na fimbo chini ya arobaini, nenda Ihembe ukafungue chuo, na Mwaja uende naye. Zikitimia arobaini, Ijumaa hiyo hiyo namwozesha Othman."

Jikoni, Mwaja aliangusha kisu.

Hebu niseme lilivyoanza, maana hawa wawili hawakuwahi kushikana hata mkono. Wanawake wa nyumba ile waliruhusiwa kusikiliza masomo nyuma ya ukuta wa matete. Mwaja alikaa hapo na ubao wake na wino wa masizi. Siku moja alisoma kwa sauti, akakosea, akanyamaza ghafla akingoja karipio la baba yake. Karipio halikuja. Ikaja sauti ya Zubeiri kutoka upande wa pili, taratibu kabisa.

"Umesikia kitu?"

"Nimekosea," alisema Mwaja.

"Wapi?"

"Sijui."

"Rudi aya moja nyuma. Tafuta mwenyewe. Mimi nipo."

Alitafuta, akakosa. Akatafuta tena. Mara ya tatu akalipata, na Zubeiri akasema, "Umeona? Ulikuwa nalo." Hakuna zaidi. Lakini Mwaja alilala siku hiyo akiyarudia maneno yale kifuani kama mtu aliyepewa dhahabu. *Mimi nipo.* Miaka kumi na tisa amekosea mbele ya baba, mbele ya mama, mbele ya dunia nzima, na kila kosa lilikuwa na kofi lake. Huyu ndiye mtu wa kwanza ambaye Mwaja aliweza kumwambia amekosea bila kuogopa. Akampenda. Akampenda mpaka akaona aibu, akawa akipita barazani anaangalia chini, na Zubeiri naye akimwona anaandika ubaoni pasipo wino.

Sasa ule mgongo aliokuwa akiuwazia ulikuwa unapasuka mbele ya macho yake.

"Saba!" alihesabu Othman. "Nane!"

Na hapo ndipo Mwaja alipoona ubaya wa jambo lenyewe. Wanafunzi wa Othman mwaka jana walisoma mbio kama wanaofukuzwa na nyuki. Ukikosea, unameza, unaendelea, nani atakushika? Wanafunzi wa Zubeiri hawakufundishwa hivyo. Wamezoea kwamba ukihisi umeteleza, unaweka kiganja juu ya ubao, unasema "Nimekosea," unarudi nyuma, unatafuta. Kwa Zubeiri hayo ndiyo kusoma. Kwa Mwalimu Saleh kila "nimekosea" ni fimbo moja. Basi mtu wa watu anachapwa kwa sababu alifundisha vizuri!

Mwanafunzi wa tatu, wa nne. Kila mmoja alisoma akilia. Fimbo ya kwanza ilivunjika kwenye kumi na tano, ikaletwa nyingine, mbichi, ngumu zaidi. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mkunjo wa shuka ya Zubeiri. Hakuwa amelia wala kutikisa kichwa.

Wa sita alikuwa Kaijage, mchuuzi wa chumvi, mtu mzima mwenye ndevu, Mnyambo aliyesilimu mwaka ule. Alianza vizuri. Katikati sauti yake ikapungua. Akautazama mgongo wa Zubeiri, akameza mate, akaendelea kusoma kana kwamba hakuna kitu.

"Kaijage," aliita Zubeiri bila kugeuka.

Kaijage akanyamaza.

"Sema."

"Khalifa, tafadhali..."

"Sikukufundisha kunificha. Sema."

Kaijage akaweka kiganja juu ya ubao. "Nimekosea," alisema. Akamgeukia Mwalimu Saleh na mikono yote miwili. "Tata, baba yangu, nipige mimi! Kosa ni langu, mgongo ninao, nipige mimi!"

"Hapa hapigwi mwanafunzi," alisema Mwalimu Saleh, na fimbo ikashuka kwa nguvu hata watu wa mlangoni wakarudi nyuma.

"Ishirini na tisa!" alipiga kelele Othman.

Nyuma ya matete Adija alimvuta binti yake karibu.

"Nisikilize, mwanangu. Wakikuita na wewe, soma tu. Usisimame. Hata paa likianguka, wewe soma. Umenielewa?"

"Mama, na nikikosea?"

"Nani atajua? Baba yako mkono umemchoka, masikio yamemchoka. Soma upite. Unataka kulala kwa Othman kesho?"

"Sitaki."

"Unamtaka huyu?"

"Namtaka, mama." Aliyasema waziwazi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Namtaka kama roho yangu."

"Basi nyamaza usome."

Wa saba, wa nane. Thelathini na nne. Thelathini na saba. Zubeiri alianguka mbele kwa mikono, akajiinua, akarudi kwenye magoti. Wa nane alipomaliza, Othman alitangaza kwa uchungu kidogo, "Thelathini na tisa."

Mwalimu Saleh alifuta jasho kwa ukingo wa kanzu. "Wameisha?"

Watu wakashusha pumzi. Mjomba wa Zubeiri alikwisha kuinuka. Ah, angesema tu "wameisha," mambo yangekuwa yamekwisha, wali ungepikwa! Mwaja alifumba macho, akaomba.

"Bado mmoja, mwalimu," alisema Zubeiri. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Yuko nyuma ya matete. Binti yako."

Huyu mwanamume ana akili kweli? Mwaja alimchukia kwa kitambo kidogo, nasema kweli, alimchukia kama alivyompenda.

"Mwanamke hahesabiwi," Othman alisema haraka, kisha akajifikiria, akatabasamu. "Lakini kama mwenyewe anataka, basi asome."

"Amefundishwa, ama hakufundishwa?" aliuliza Mwalimu Saleh.

"Nimemfundisha mimi," alisema Zubeiri.

"Mwaja! Toka usome."

Akatoka na ubao wake kifuani, ukaya umefunika kichwa. Alipiga magoti hatua tatu kutoka kwa Zubeiri. Kwa mara ya kwanza walitazamana karibu, bila matete katikati, na Mwaja akaona kuwa mdomo wa chini wa Zubeiri ulikuwa na alama za meno yake mwenyewe. Macho yake yalikuwa yale yale ya kila siku. Yalikuwa yanamwambia asome tu.

Akaanza. Ilikuwa sura ile yenye aya inayorudi na kurudi, kila baada ya aya moja au mbili inarudi tena, mpaka msomaji asipoangalia hujikuta ameruka kutoka pahali hadi pahali na haoni tofauti. Alisoma kwa sauti iliyotulia. Ile aya ikarudi, akaipita; ikarudi tena, akaipita. Adija alikuwa akimfuata kwa midomo nyuma ya ukuta. Robo ikaisha, nusu ikaisha.

Hapo akaruka.

Aliruka aya mbili nzima. Aya inayorudi ilimbeba ikamtua mbele, akaendelea. Alilijua kosa lile wakati huo huo, kama mtu aliyekosa ngazi. Akamtazama baba yake. Mwalimu Saleh alikuwa ameinamisha kichwa, anaukanda mkono wake wa kulia, hajui kitu. Akamtazama Othman: anamtazama yeye kwa tamaa, hasikilizi. Hakuna aliyejua barazani pale, hakuna hata mmoja.

Akamtazama Zubeiri. Zubeiri alijua.

Hakukonyeza wala hakukunja uso. Alimtazama tu, akingoja.

Mwaja aliendelea kusoma, na ulimi wake ukawa mzito. Zilibaki aya chache. Azipite chache tu, aolewe, aende Ihembe, apike, azae, alale kando ya mtu huyu kila siku ya maisha yake. Na kila siku yule mtu ajue. Angemsamehe, Mwaja alilijua hilo, asingelitaja kamwe. Lakini siku nyingine yoyote ambayo angemwambia "nimekosea," Zubeiri angekumbuka lile moja ambalo hakulisema. Mtu pekee ambaye Mwaja hakumficha kitu, angekuwa amemficha. Angelala na nini basi?

Akaweka kiganja juu ya ubao.

"Nimekosea," alisema.

"Usiseme!" ilipasuka sauti ya Adija nyuma ya ukuta.

Mwalimu Saleh akainua kichwa. "Wapi?"

"Nimeruka aya mbili, baba. Kule nyuma."

"Sikusikia."

"Najua, baba. Hukusikia."

Akarudi nyuma, akatafuta, akazisoma zile aya mbili mahali pake, akaendelea mpaka mwisho wa sura, machozi yanamdondokea kwenye ubao.

"Arobaini!" Othman akaruka. "Nilisikia mimi! Nilisikia kitambo, nilikuwa nangoja tu! Ameshindwa!" Na Mwalimu Saleh hajajibu, Othman akaipokonya fimbo mkononi mwake, akaizungusha juu, akampiga Zubeiri shingoni kwa nguvu zake zote. Zubeiri akaanguka kifudifudi. Othman akainua tena.

Ya pili hakuifikisha. Mwaja alisimama, akakamata ubao kwa mikono miwili, akampiga nao Othman usoni. Ubao ukalia. Othman akaenda chini kwenye magunia ya kahawa ameshika pua, damu inapita katikati ya vidole, na Mwaja akamfuata ampige tena, na angemuua, jamani, haki ya Mungu angemuua, kama baba yake hangemshika kiuno.

"Niache, baba! Niache!"

"Tulia!" Mwalimu Saleh akamweka kando, akamwinamia Othman. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na waliomjua walijua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. "Ulisikia kosa."

"Nilisikia, mwalimu. Wallahi."

"Lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa..." Othman alifuta pua. "Mwanzoni. Mwanzoni kabisa, mwalimu."

Kaijage mchuuzi wa chumvi, aliyesilimu juzi tu, alicheka kwa hasira. "Hata mimi najua halikuwa mwanzoni."

Mwalimu Saleh alimwinua Othman kwa kola ya kanzu, akamburuta barazani mpaka ukingoni, akamsukuma chini kwenye tope la uani, na kanzu ikabaki nusu mkononi mwake. "Umeapa uongo juu ya kisomo, mbele yangu," alisema. "Na wale kumi wako wa mwaka jana, walimeza mangapi nikiwasikiliza? Mangapi? Ondoka. Ukirudi hapa nitakuvunja mguu."

Akarudi, akaokota fimbo. Zubeiri alikuwa ameshainuka kwa taabu, amerudi kwenye magoti yake, mgongo wazi, anangoja. Mwaja akajitupa katikati yao.

"Ondoka, binti."

"Siondoki."

"Ondoka, Mwaja," alisema Zubeiri. "Kosa lipo."

Mwalimu Saleh hakupiga. Alichuchumaa mbele ya Zubeiri, uso kwa uso, kama mtu anayetaka kuona kitu kilicho mbali.

"Wewe ulisikia?"

"Nilisikia, mwalimu."

"Pale pale aliporuka?"

"Pale pale."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

"Na asingesema?"

Zubeiri alitema damu pembeni. "Ningesema mimi."

"Ungesema, nikupige ya arobaini, ukose ijaza?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Umkose na huyu?"

Fimbo thelathini na tisa hazikumtoa Zubeiri chozi, wala ile ya Othman. Swali hili lilimtoa. Alimtazama Mwaja, na machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu.

"Ningemkosa," alisema. "Sijui ningeishije, mwalimu. Lakini ningesema."

Miaka ishirini Mwalimu Saleh amefundisha hapo barazani, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia kosa ambalo yeye mwenyewe hakulisikia, isipokuwa leo, na leo ni binti yake. Akasimama.

"Mimi huchapa kosa nililolisikia," alisema kwa watu wote, kwa ukali. "Makosa ya wengine wote niliyasikia, hilo sikulisikia. Hesabu yangu ni thelathini na tisa, na mwenye neno aje anene nami." Hakuna aliyekwenda. "Adija!"

"Abee."

"Maji ya moto na samli, upesi! Mwalimu wa Ihembe anavuja damu barazani kwangu, na mkewe amesimama tu anamtazama!"